Sura ya Tano: Je, Upofu Ndio Uliompa Stevie Wonder Muziki?

Akitajwa Stevie Wonder, haupiti muda kabla ya mtu kuuliza: huyu asiyeona anawezaje kuketi mbele ya piano akatunga na kuimba, akashika harmonika, akahamia kwenye ngoma, na kote huko akawaacha nyuma wenye macho yao mawili? Majibu yanayosikika vibarazani ni mawili. La kwanza ni la mzaha: kwamba anaona vizuri tu, anatuigizia. La pili lina heshima zaidi, na ndilo lililoenea: Mungu hamnyimi mja wake vyote, alipomnyima macho, akamzidishia masikio.

Jibu la kwanza halihitaji kurasa nyingi. Wanaolishikilia hupenda kutaja tukio la mwaka 2010 katika Ikulu ya Marekani, pale Paul McCartney alipogonga kinara cha maikrofoni kwa bahati mbaya na Stevie akakidaka kabla hakijaanguka. Lakini mtu aliyeishi miaka sitini akitegemea sauti na mguso hahitaji macho ili ajue kwamba kitu kinayumba karibu na mkono wake. Tena sababu ya upofu wake inajulikana kitabibu, na tutaieleza hivi punde.

Jibu la pili ndilo linalostahili sura nzima. Linafariji, linavutia, na ndani yake mna chembe ya ukweli. Hata hivyo halitoshi. Hoja ya sura hii ni kwamba upofu haukumpa Stevie Wonder muziki. Kipaji alikuwa nacho, lakini kilichokifanya kisikike duniani ni mambo matatu tunayoweza kuyafuatilia hatua kwa hatua: vyombo vilivyofika mikononi mwake mapema, watu waliokubali kumfundisha, na mkataba uliompa mamlaka juu ya kazi yake. Mtoto akikosa yote matatu, awe anaona au haoni, kipaji chake huzeeka naye bila mtu kukisikia.

Macho yalipotea vipi?

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1950 katika mji wa Saginaw, jimbo la Michigan, Marekani, akaitwa Stevland. Alikuwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya siku zake. Aliwahi kwa takriban wiki sita. Kama ilivyokuwa desturi ya hospitali wakati ule, aliwekwa ndani ya kisanduku cha joto cha vichanga kilichopulizwa oksijeni kwa wingi ili mapafu machanga yasizidiwe. Oksijeni ile ilikuwa inaokoa maisha, lakini ilikuwa na deni lake. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo, uitwao retina. Kwa mtoto njiti, mishipa ya damu ya utando huo bado inakua. Oksijeni ikizidi, mishipa husimama kukua, kisha baadaye huota ovyo, na mwishowe huweza kuubandua utando wenyewe. Hivyo ndivyo Stevland alivyopoteza uwezo wa kuona.

Hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, maelfu ya watoto njiti walipofuka kwa njia hiyo hiyo, hasa katika nchi tajiri zilizokuwa na vifaa vipya vya kisasa. Chanzo hakikuwa kimejulikana mwaka aliozaliwa. Ilipofika katikati ya miaka ya 1950 ndipo madaktari walipothibitisha kwamba oksijeni iliyozidi ndiyo iliyokuwa ikiwaharibu watoto macho, wakaanza kuipima kwa uangalifu.

Historia hii ndogo ya hospitali ina uzito kwa hoja yetu. Kama upofu ungekuwa unaleta muziki, maelfu ya watoto wale wangekuwa maelfu ya wanamuziki. Walikuwa na umri ule ule, tatizo lile lile, na wengi waliishi katika nchi ile ile. Tunamjua Stevie Wonder kwa jina. Walio wengi hatuwajui. Ni lazima tutafute tofauti mahali pengine.

Je, masikio ya asiyeona huwa makali zaidi?

Tuitendee haki ile chembe ya ukweli. Watafiti wa ubongo wamegundua kwamba watu waliopofuka wakiwa wadogo sana mara nyingi hutambua mabadiliko madogo ya sauti vizuri kuliko wanaoona. Sehemu ya ubongo ambayo kwa kawaida hushughulikia kuona hailali bure. Hupewa kazi nyingine, kama kusikia, au kusoma kwa vidole. Miongoni mwa wanamuziki wasioona, wanaoweza kuitaja noti kwa jina mara tu wanapoisikia, bila kulinganisha na noti nyingine, ni wengi kuliko miongoni mwa wanamuziki wanaoona. Kwa hiyo anayesema masikio huongezeka hajatunga uongo.

Anachosahau ni kwamba ukali huo ni matunda ya matumizi. Fundi magari mzoefu husikiliza injini ikiunguruma akakwambia plagi moja haichomi, ilhali abiria wote waliomo garini wanasikia kelele tu. Masikio yake hayana nyama ya ziada. Yamezoezwa kwa miaka kutafuta kasoro ndani ya mlio. Asiyeona anaifanya kazi ya namna hiyo tangu asubuhi hadi usiku, kwa sababu sauti ndiyo ramani yake ya nyumba, barabara na sokoni. Lakini kuujua mlio wa injini hakumfundishi fundi kutengeneza gari, na kuisikia noti hakumfundishi mtoto kupanga noti nne zikawa wimbo. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 40 duniani wanahesabiwa kuwa vipofu. Wengi wao ni wakulima, walimu, wanasheria, wafumaji, au hawana kazi kabisa kwa sababu hakuna aliyewapa. Wanamuziki ni wachache, kama walivyo wachache miongoni mwa wanaoona.

Hapa msomaji anaweza kupinga: mbona orodha ya wanamuziki wakubwa wasioona ni ndefu? Kuna Ray Charles, kuna José Feliciano, na kwetu alikuwepo Morris Nyunyusa, mpiga ngoma wa Tanzania aliyeweza kupiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, na ambaye mlio wa ngoma zake ulitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Pingamizi hili ni zito, lakini likichunguzwa linaiunga mkono hoja yetu. Kwa miaka mingi, milango mingi ya kazi ilifungwa mbele ya wasioona, na muziki ukabaki kuwa miongoni mwa michache iliyoachwa wazi. Ukiwafungia watu vyumba tisa vya nyumba ukawaachia sebule, usishangae kuwakuta wengi sebuleni. Aidha, Ray Charles hakuibuka kutoka gizani na piano mkononi. Alisoma katika shule ya bweni ya watoto viziwi na wasioona mjini St. Augustine, Florida, na huko alifundishwa kusoma muziki kwa nukta nundu, yaani maandishi ya vidoti vilivyoinuka ambayo husomwa kwa vidole. Nyuma ya kila jina kwenye orodha ile, ukitafuta, utakuta chombo na mwalimu.

Kwa ufupi: kutoona kunaweza kulinoa sikio, kwa sababu sikio hutumiwa zaidi. Sikio lililonoleka peke yake halijatunga wimbo wowote.

Vyombo na walimu wa Detroit

Mama yake, Lula Mae Hardaway, alihamia Detroit na watoto wake Stevland akiwa na miaka minne. Haikuwa familia ya fedha. Hata hivyo mtoto alikua huku harmonika, ngoma na piano vikipita mikononi mwake, na kanisani aliimba katika kwaya. Jambo hili ni dogo kulisema lakini ni kubwa kulitenda. Wazazi wengi wenye mtoto asiyeona humweka ndani kwa huruma, wakimwogopea kila kona na kila kiti. Huyu aliachiwa avigonge vitu na kuvipuliza ili ajue kila kimoja kinalia vipi. Miaka kadhaa baadaye jina la mama huyo lilionekana miongoni mwa watunzi wa baadhi ya nyimbo za mwanawe, ikiwemo "Signed, Sealed, Delivered I'm Yours" ya mwaka 1970. Nyumba yao ilikuwa inafanya kazi ya muziki, si kusikiliza tu.

Kisha kuna jiji lenyewe. Mwaka 1959, Berry Gordy alikopa dola 800 kutoka kwenye mfuko wa familia yake akaanzisha kampuni ya kurekodi muziki iliyokuja kuitwa Motown. Makao yake yalikuwa nyumba ya kawaida kwenye barabara ya West Grand Boulevard, studio ikiwa humo humo ndani. Mwaka 1961, Ronnie White wa kundi la The Miracles alimpeleka pale mtoto wa miaka 11. Gordy alimsikiliza, akamsainisha, na jina Little Stevie Wonder likazaliwa. Fikiria bahati ya jiografia: mtoto huyo huyo angebaki Saginaw, angehitaji muujiza kufika kwenye studio. Detroit ilimweka mwendo mfupi kutoka kwenye nyumba yenye wapigaji bora wa wakati wao. Mpiga ngoma Benny Benjamin na mpiga besi James Jamerson walikuwa waajiriwa wa kila siku pale, na mtoto alikaa kati yao akiiba ujuzi kama mwanafunzi wa fundi seremala anavyouiba kwa kushika ubao tu.

Shule nayo haikuachwa. Safari za maonyesho zilipoanza kugongana na masomo, mpango ulifanywa na Shule ya Wasioona ya Michigan, iliyokuwa mjini Lansing, akapewa mwalimu wa kusafiri naye, Ted Hull, ambaye mwenyewe alikuwa na uoni hafifu. Mwaka 1963 wimbo "Fingertips", uliorekodiwa jukwaani mbele ya watu, ulishika nafasi ya kwanza Marekani, Stevie akiwa na miaka 13. Gazeti lingeweza kuandika kuwa ni muujiza. Ukihesabu, unapata mama, vyombo vitatu, kanisa, studio, wapigaji wazoefu na mwalimu.

Mtoto nyota asiye na kauli

Kama hadithi ingeishia hapo, tungekuwa na mtoto mwingine aliyeng'aa kisha akazimika. Karibu azimike kweli. Sauti yake ilianza kuvunjika kama ya wavulana wote, nyimbo zilizofuata hazikufikia mafanikio ya ile ya kwanza, na ndani ya kampuni kulikuwa na fikra za kuachana naye. Mtunzi Sylvia Moy ndiye aliyemtetea, akaomba apewe nafasi nyingine, na kutokana na kazi yake pamoja na Henry Cosby na Stevie mwenyewe ukapatikana wimbo "Uptight" mwishoni mwa mwaka 1965. Siku ya kurekodi, maneno hayakuwa yameandikwa kwa nukta nundu, basi Moy akawa anamsomea mstari mmoja mmoja kupitia vipokea sauti vya masikioni, naye anauimba papo hapo. Tukio hilo linaonyesha mambo mawili kwa pamoja: wepesi wa akili ya kijana huyu, na jinsi wepesi huo ulivyohitaji mtu wa kukaa upande wa pili wa waya.

Lakini kuhusu fedha na maamuzi, hakuwa na kauli. Motown iliendeshwa kama kiwanda, na hilo si tusi. Gordy mwenyewe aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari, na alitaka nyimbo zitoke kwa mpangilio kama magari. Kulikuwa na watunzi, watayarishaji, wapigaji, na kikao cha kuamua wimbo upi utoke. Mwimbaji alikuwa sehemu moja ya mstari huo. Kwa kuwa Stevie alikuwa mtoto kisheria, mirabaha yake, yaani malipo ambayo msanii hupata kila kazi yake inapouzwa au kupigwa, iliwekwa akiba hadi atimize miaka 21.

Je, hali hiyo ilitokana na kutoona kwake? Hapana, na ushahidi upo ndani ya jengo lile lile. Marvin Gaye, aliyekuwa anaona, alikumbana na ukuta huo huo alipotaka kutoa "What's Going On". Gordy hakuupenda wimbo ule, na ulitoka mwanzoni mwa mwaka 1971 baada ya mvutano. Waliokuwa na macho na asiye na macho walibanwa na karatasi ile ile. Kizuizi cha Stevie wakati huo kilikuwa mkataba, na mkataba haubadiliki kwa kuwa sikio ni kali.

Kutimiza miaka 21

Tarehe 13 Mei 1971 Stevie Wonder alitimiza miaka 21, na mkataba wake wa utotoni ukafikia ukomo. Hakukimbilia kusaini mwingine. Alikwenda New York, akalipia studio kwa fedha zake, akaanza kurekodi bila kampuni yoyote kumpangia. Akiwa na kazi tayari mkononi, yeye na mwanasheria wake walirudi mezani kuzungumza na Motown. Anayekwenda sokoni na mavuno ghalani hajadiliani bei kama anayeomba mkopo wa mbegu. Mkataba mpya ulimpa uhuru wa kuamua kinachoingia kwenye albamu zake, mirabaha mikubwa zaidi, na haki ya kumiliki utunzi wake kupitia kampuni yake mwenyewe, Black Bull Music.

Huko New York aliwakuta pia Malcolm Cecil na Robert Margouleff, mafundi wawili waliokuwa wameunganisha sintesaiza nyingi zikawa mtambo mmoja mkubwa kama ukuta wa chumba. Sintesaiza ni chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme. Mpigaji hubonyeza vibao kama vya piano, lakini kinachotoka kinaweza kuwa mithili ya filimbi, besi, au mlio usiowahi kusikika. Mtambo wao waliuita TONTO. Kwa mtunzi asiyeona, chombo hiki kilikuwa na faida ya pekee. Kabla yake, aliyetaka sauti ya besi au ya bendi nzima alimwendea mpangaji wa muziki, ambaye aliandika noti kwenye karatasi na kuwagawia wapigaji. Karatasi hiyo ilisimama kati ya Stevie na muziki wake, kwa kuwa hakuweza kuisoma. Sasa Cecil na Margouleff walizungusha swichi na kuunganisha nyaya, yeye akabonyeza, akasikia, akakataa au akakubali. Wazo lilitoka kichwani likapita vidoleni hadi kwenye utepe bila kuvuka karatasi.

Matokeo yake ni mfululizo wa albamu ambao wapenzi wengi wa muziki wanauona kuwa kilele cha karne ile:

1. Music of My Mind (1972), ambamo karibu kila chombo alikipiga mwenyewe.
2. Talking Book (1972), yenye wimbo "Superstition", ambao ngoma, kinanda na besi ya sintesaiza vyote ni vyake.
3. Innervisions (1973), yenye "Living for the City", kisa cha kijana mweusi anayehamia jijini na kuangukia mikononi mwa polisi na gereza.
4. Fulfillingness' First Finale (1974).
5. Songs in the Key of Life (1976), santuri mbili na nyongeza yake, jumla ya nyimbo 21.

Tatu za mwisho zilishinda Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, na katikati yake alipata ajali mbaya ya gari huko North Carolina, Agosti 1973, iliyomwacha bila fahamu kwa siku kadhaa. Paul Simon aliposhinda tuzo hiyo mwaka 1976, alimshukuru Stevie Wonder kwa mzaha kwa kutotoa albamu mwaka uliotangulia.

Kwa ufupi: masikio ya Stevie yalikuwa yale yale mwaka 1968 na mwaka 1973. Kilichobadilika ni umiliki na mitambo. Muziki nao ukabadilika.

Pingamizi mbili zinazostahili jibu

Pingamizi la kwanza linasema: wasanii wengi wamepata mikataba mizuri na studio za kifahari, lakini hawakutoa "Superstition". Kweli kabisa. Hakuna mahali katika sura hii tuliposema kipaji si kitu. Mbegu ni lazima iwe mbegu. Lakini mkulima haulizi tu aina ya mbegu. Anauliza mvua, udongo, na nani analinda shamba dhidi ya nyani. Tunapomtazama msanii mkubwa hupenda kuishangaa mbegu kwa sababu hatuwezi kuichunguza, na kuupuuza udongo kwa sababu kuuchunguza kunatupa wajibu. Kipaji hakimo mikononi mwetu. Vyombo, walimu na mikataba vimo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Kama uhuru ndio uliozaa albamu zile, kwa nini kasi ilipungua alipokuwa huru zaidi? Baada ya mwaka 1976 ilipita miaka mitatu hadi akatoa muziki wa filamu kuhusu maisha ya mimea, kazi aliyoifanya huku akielezewa picha za filamu kwa maneno ili aweze kuzitungia, na ambayo haikupokewa kwa shangwe ile ya awali. Kati ya albamu ya mwaka 1995 na ile ya 2005 kuna pengo la miaka kumi. Jibu la haki ni kwamba uhuru si mashine ya kuzalisha nyimbo. Ushirikiano wake na Cecil na Margouleff ulikwisha katikati ya miaka ya 1970, na ingawa albamu ya 1976 inaonyesha angeweza bila wao, kundi lile dogo la watu watatu studioni usiku kucha halikurudi. Zaidi ya hapo, mwenye kumiliki kazi yake anamiliki pia ukimya wake. Kiwanda kingemlazimisha kutoa wimbo kila baada ya miezi mitatu. Aliyekuwa huru aliweza kungoja, na aliweza kuutumia muda wake kwa mambo mengine.

Yeye mwenyewe aliamini nini?

Mambo hayo mengine ni ushahidi wetu wa mwisho. Kama Stevie Wonder angeamini kwamba upofu ni zawadi iliyokuja na fidia yake, asingehangaika na vifaa na sheria. Matendo yake yanasema vingine. Mwaka 1976 mvumbuzi Ray Kurzweil alizindua mashine iliyosoma kitabu kilichochapwa na kukitamka kwa sauti. Stevie alipopata habari alimtafuta, akawa mnunuzi wa mapema kabisa. Urafiki wao ukazaa swali jingine, kwamba je, kompyuta inaweza kupewa sauti halisi ya piano ya mbao na nyuzi? Kutokana na swali hilo Kurzweil alianzisha kampuni ya vinanda mwaka 1982, na kinanda cha kwanza kikatoka mwaka 1984.

Jina lake lilipokuwa kubwa, alilitumia kufungulia wengine milango. Aliongoza kampeni ya kutaka siku ya kuzaliwa ya Martin Luther King iwe sikukuu ya taifa la Marekani, akaitungia wimbo, akaandaa mkutano mkubwa Washington Januari 1981. Sheria ilisainiwa mwaka 1983 na sikukuu ikaanza kuadhimishwa mwaka 1986. Mwaka 1985 alipopokea tuzo ya Oscar kwa wimbo wake wa filamu, aliipokea kwa jina la Nelson Mandela, aliyekuwa bado kifungoni, na shirika la utangazaji la Afrika Kusini likapiga marufuku nyimbo zake.

Lakini lililo karibu zaidi na hoja yetu ni Mkataba wa Marrakesh. Mataifa yaliupitisha nchini Morocco mwezi Juni 2013 ili kuruhusu vitabu vigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona bila kuomba ruhusa ya kila mwenye hakimiliki, na nakala hizo zivuke mipaka ya nchi. Stevie alikuwa ameusihi mkutano wa Geneva mwaka 2010 uutimize, akaahidi kwenda kuwaimbia wajumbe wakikubaliana. Walikubaliana, naye akaenda akaimba. Kenya, Uganda na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na mkataba huo. Miaka mitatu baadaye, kwenye jukwaa la Grammy, alifungua bahasha ya mshindi iliyoandikwa kwa nukta nundu, akawatania waliokuwa ukumbini kwamba hawawezi kuisoma, kisha akawaambia kila kitu kinapaswa kufikiwa na kila mwenye ulemavu. Kwa sekunde chache, ukumbi mzima wa watu wenye macho haukujua mshindi ni nani, na yeye alijua. Mwenye maandishi anayoyaweza ndiye aliyekuwa na habari.

Turudi kwenye swali letu

Ukiulizwa tena kibarazani, jibu linaweza kutolewa kwa mistari michache:

- Alipofuka kwa sababu ya oksijeni iliyozidi, pamoja na maelfu ya watoto wengine wa wakati wake.
- Sikio lake lilinolewa na matumizi, kisha likafundishwa na watu.
- Akiwa mtoto alikuwa nyota asiye na kauli, kama wenzake waliokuwa wakiona.
- Alitoa kazi zake kubwa alipomiliki utunzi wake na kupata mitambo aliyoweza kuiendesha kwa vidole na sikio.

Jibu la "alinyimwa macho akapewa masikio" halina nia mbaya, lakini linatupa likizo tusiyostahili. Likiaminiwa, mtoto asiyeona asipokuwa mwanamuziki huonekana amekosa fidia yake, na akiwa mwanamuziki, waliomnunulia chombo na kumfundisha husahauliwa. Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na mtoto asiyeona, usimwombe akuimbie ili uone kama Mungu amemlipa. Mwulize mzazi wake kama mtoto ana kibao na kalamu ya kuandikia nukta nundu, kama shule yake ina vitabu anavyoweza kuvisoma, na kama yupo mwalimu wa kumfundisha. Jibu likiwa hapana, basi hapo ndipo pa kuanzia.